Passage Nyuma ya Nyumba Yetu

Mardi, 12 ya mwezi wa tisa

Mutoto wangu Joviale amepanda mwaka ku shule, na cahier yake ya géographie imebaki na kurasa nyeupe nyingi. Mimi siwezi kutupa karatasi. Niliishia primaire ya tano lakini kuandika ninajua, na kichwa yangu imejaa. Tangu Bruno bwana yangu afariki sina tena mutu wa kuambia mambo ya jioni. Nitaambia cahier.

Leo wamepima nyuma ya nyumba yetu.

Nilikuwa nachambua maharagi kwenye lungo, nikasikia sauti mu passage, ile njia nyembamba ya nyuma. Kuangalia hivi, ni mutoto mwanamuke, suruali, botte ya mvua na mvua haijanyesha hata, ananyoosha kamba ya kupimia, ile ya manjano ya mafundi. Na mwenye kumushikia kichwa ya kamba ni nani? Domitille. Jirani yangu wa ukuta moja! Wanacheka kama dada na dada.

"Mwanangu, unapima nini pale?"

"Jambo maman. Niko napima cité, huu mutaa wa Bagira."

"Cité nzima?"

"Cité nzima. Lakini nimeanzia huku kwenu."

Kamba moja, mutu moja, cité nzima. Mimi sikuachishwa ziwa jana. Domitille aliachilia kamba, akaingia kwake bila kunisalimia.

Mercredi, 13

Mvua ya kwanza. Kidogo tu, harufu ya udongo, watoto wakacheza inje. Sikulala muzuri.

Dimanche, 17

Nyuma ya misa, Raphaël alikuja. Mungu amubariki huyu mutu. Bruno alikuwa na ndugu moja tu, na huyo ndugu hajatuacha. Anafanya kazi mu bureau kule mujini, anavaa muzuri, lakini anakaa kwenye kiti yetu yenye muguu moja imevunjika na anakula bugali na sambaza, tusamaki twa ziwa, bila kukunja uso. Alimuletea Elysée, mutoto wangu mudogo, bic ya kuandikia na biscuit.

Nilimwambia habari ya kamba. Akapangusa midomo pole pole.

"Shemeji, Domitille ndiye alikuwa anashika kamba?"

"Yeye mwenyewe."

"Unaona sasa. Kitu yenye haina ukuta iko na wenye kuitaka wengi."

Maneno ile ninaiandika hapa nisiisahau.

Baba mukwe wangu marehemu alikuwa anapenda kuhadisia mambo ya passage hii. Anasema, wakati ya Wabeleji, wazungu walikaa kule chini karibu na maji ya lac, na sisi wakatuchorea mulima huu wa Bagira. Walichora kwanza mu karatasi, ndipo wakajenga. Quartier A, B, C, D, kama kalasi za shule. Nyumba mbili mbili, ukuta ya katikati moja, madirisha sawasawa, milango yote inaangalia upande moja. Muzee alisema jioni ya kwanza kabisa mwanaume moja alitoka kazini akaingia mu nyumba yenye si yake, akavua viatu, akaitisha chakula, na bibi ya wenyewe akamupiga na mwiko. Kanisa ya paroisse fasi yake, soko fasi yake, kiwanja ya mupira fasi yake. Na nyuma ya kila rangée, musitari ya nyumba, waliacha passage na mufereji ndani yake, ili maji ya mulimani ishuke, na wanamuke wawili wenye mizigo ku mugongo wapishane bila moja kurudi nyuma.

Leo passage za rangée zingine zimeliwa zote. Huyu ameweka douche ya kuogea, huyu kibanda ya kuku, huyu chumba ya mupangaji. Yetu tu ndiyo imebaki wazi. Nyumba yetu ni ya mwisho, kando ya barabara kubwa, na passage inapita nyuma ya Domitille, inapita nyuma yangu, inatokea barabarani. Bruno hakutaka mutu aiguse.

Lakini Bruno hayuko. Na mimi nyumba hii ndiyo niko nayo, mimi na Joviale na Elysée. Wakianza kuniondoa nyuma, watamalizia mbele.

Mercredi, 20

Maharagi imepanda bei kule soko ya Nyawera. Elysée anakohoa.

Jeudi, 28

Domitille ameweka kadenasi, kufuli kubwa, ku mulango yake ya nyuma. Tangu niolewe hapa sijaona kadenasi pale. Anaficha nini?

Lundi, 2 ya mwezi wa kumi

Nilitumana Joviale kwa Domitille aombe moto, braise mbili tu ya kuwashia. Alirudi na mukono mutupu.

"Amesema moto yake imezimika."

Na moshi ilikuwa inatoka mu dirisha yake kama gari moshi! Nilipita pale makusudi, nikasema kwa sauti: "Ee Mungu, ubariki wenye moto yao inazimika ikitoa moshi." Dirisha ikafungwa pá.

Huyu mutu alinishika mukono nikizaa Elysée. Aliniogesha. Siku ya matanga ya Bruno alipika chungu yenye watu wote walikula. Sasa ananinyima moto. Mutu anabadilika hivi bure? Hapana. Kuna kitu.

Lundi, 9

Nilienda Miti, kijiji ya mama yangu, kununua maharagi ya mashamba. Ndani ya taxi-bus wakati ya kurudi, namuona nani? Domitille na mama yake, Nyakuru, ule muzee hatembei tena, wamemukalisha mbele na blanketi. Anamuhamisha kwake. Nyakuru alinichekea na meno yake iliyobaki: "Mwali wangu, uko muzima?" Domitille aliangalia migomba mpaka Bagira.

Nilimwambia Raphaël jioni. Alisema: "Anajaza watu mu nyumba. Mutu mwenye anajaza watu anatafuta fasi ya kupanua." Sikuwa nimefikiri hivyo.

Kisha akasema neno yenye wote tunaijua huku: fasi yenye iko na ukuta haipimwe tena. Ni kweli. Ule wa kibanda ya kuku, commune, serikali ya huku, ilikuja ikaangalia kuku, ikarudi. Ule wa douche vilevile. Mwenye anaogopa kunyanganywa anajenga mbele, maneno inakuya nyuma.

"Nitakuletea briques za ukuta, shemeji. Na fundi. Usisumbuke kitu. Ni ya watoto wa kaka yangu."

Nililia mbele yake. Nani mwingine angenifanyia?

Samedi, 14

Fundi Hervé alifika asubui. Raphaël alimuonesha mwenyewe: ukuta ukate passage kwenye mupaka wangu na Domitille, na upande ya barabara tuweke portail ya manjanja, mulango kubwa ya bati. Kipande yote ya katikati itakuwa ndani ya parcelle yetu, kiwanja yetu. Nitaweka makala ya kupikia na magunia ya maharagi, isilowe.

Domitille alitoka, mikono ku kiuno.

"Maman Joviale, uko unafanya nini?"

"Si unaona. Najenga."

"Mu passage?"

"Kwani passage ni ya baba yako?"

"Haiko ya baba yangu, haiko ya bwana yako. Ni ya maji!"

"Basi uambie maji ilete avocat mahakamani."

Watu walicheka, hata Hervé na mwiko yake mukononi. Nilijiona mukubwa. Ndipo Domitille akasema pole pole, na sauti yenye kila mutu alisikia: "Mujane anajenga na nguvu ya nani? Tuko tunaona tu mwenye anaingia na mwenye anatoka."

Joviale alisikia. Mutoto wangu wa miaka kumi na sita alisikia vile.

Nilimwambia Hervé: "Upandishe. Upandishe mpaka nisimuone tena kichwa."

Samedi, 21

Ukuta imeisha. Hervé ameacha tuyau moja chini ya kupitisha maji, nene kama mukono yangu. Alikuna kichwa akisema angependa mbili, lakini Raphaël alisema moja inatosha.

Ule mutoto wa kamba amerudi. Jina yake Élodie. Alisimama mbele ya ukuta kama mutu mwenye kufika kwenye matanga bila kuambiwa.

"Maman, nani alifunga?"

"Mwenye nyumba."

"Hii ndiyo ilikuwa passage ya mwisho yenye ilibaki wazi rangée yote. Ndiyo sababu nilianzia huku. Niko nachora Bagira vile ilikuwa, juu ya mémoire, kitabu yangu ya mwisho wa masomo. Nyumba yenu pia, kama unaniruhusu ndani. Watu wamevunja, wameongeza, yenu tu ndiyo haijaguswa. Ningependa kupima vyumba."

Vyumba! Amemaliza passage, sasa ni vyumba. Nikamuuliza nani amemutuma. Akasema profesa. Nikamwambia aende apime nyumba ya profesa.

Mvua ikaanza. Nilimuona anashuka barabara akifunika karatasi zake na kifua, nikamukimbilia na kipande ya sachet kubwa ya plastiki. "Funika kichwa, mwanangu." Kumufukuza nilimufukuza, lakini mutoto wa watu asiumwe. Alisema merci maman. Sauti yake haikuwa ya mwizi. Lakini mwizi muzuri iko na sauti gani?

Mercredi, 1 ya mwezi wa kumi na moja

Toussaint, siku ya Watakatifu wote. Tulisafisha kaburi ya Bruno. Raphaël aliomba murefu sana, mpaka Elysée akalala ku mapaja yangu.

Wakati ya kurudi alisema: "Joviale akimaliza masomo mungeweza kuhamia Miti, shemeji, karibu na mama yako. Hewa ni safi. Huku Bagira watu wamekuwa wengi." Nilifikiri ni uchungu wa kaburi. Lakini neno imenifuata mpaka nyumbani. Kwa nini tuhamie? Ninajenga ukuta ili nihamie?

Mungu anisamehe, namuwaza vibaya mutu mwenye anatulisha.

Lundi, 6

Mvua.

Mercredi, 8

Mvua. Ukuta yangu inashika muzuri. Makala imekauka.

Vendredi, 10

Kupitia ukuta ya katikati namusikia Nyakuru akisema rozari yake na Mashi, luga ya kwao, akianza tena, akianza tena. Domitille hasemi kitu. Zamani tulikuwa tunagongeana ukuta asubui kuambiana tumeamka. Hata kikohozi yake sasa naisikia kama ni ya kunitukana.

Mutu wa avenue ya juu ameniuliza kama ni kweli nimeuzisha passage. Nani amesema hivyo? Akasema, "Bale batu banasema." Nilijua ni Domitille.

Dimanche, 19

Gari ya kampanye ya uchaguzi imepita na muziki, wametupa karatasi zenye sura za watu. Elysée ameokota nyingi, tutawashia moto.

Jeudi, 23

Nitaandika tu vile inakuja.

Mvua ilianza saa ya chakula. Ilikuya na mawe ya barafu, bati ilikuwa inalia mpaka hatukusikilizana. Joviale hakuwa ameenda shule, alikuwa na homa kidogo. Elysée alikuwa chini ya meza na sahani ku kichwa. Nilienda kuangalia nyuma, kwenye makala yangu. Kavu. Ukuta inasimama. Tuyau ilikuwa inatoa maji nyembamba tu, kama mutoto anakojoa, na nikasema, ee, unaona, hata maji si nyingi.

Sikuwaza kwa nini ni nyembamba.

Kisha Domitille akaanza kupiga kelele. "Maji! Maji! Bantu, munisaidie, maji!" Nilisikia muzuri kabisa, ukuta ni moja.

Na nini ilikuya mu kichwa yangu ya kwanza? Nitaandika, juu ni kweli. Nilisema: anatafuta washahidi. Anataka batu bakuye waseme ukuta yangu ni mubaya. Nikakaa. Nilirudi kwenye jiko, nikakoroga sombe, mboga ya majani ya muhogo, yenye haikuhitaji kukorogwa.

Joviale aliniangalia. "Maman."

"Kaa."

"Maman, Nyakuru hawezi kuamuka."

Ndipo nilisikia Nyakuru. Alikuwa anasema rozari mbio mbio, kama mutu anakimbia nayo, Nyamuzinda, Nyamuzinda, akimuita Mungu, na sauti ilikuwa inatoka juu kuliko kitanda yake. Walikuwa wamemupandisha ku kitu. Kisha ukuta ya katikati, chini kule, ikabadilika rangi mbele ya macho yangu. Ikawa nyeusi. Jasho ikaanza kutoka ndani yake.

Sijui nilichukua pioche ya kuchimbia wapi. Nilipiga ukuta ya passage na nguvu yenye sijawahi kuwa nayo hata nikizaa. Brique ya Hervé ni nguvu, Mungu anajua. Joviale akakuya na homa yake, na nyundo ya kuvunjia makala. Tulipiga. Mvua ilikuwa inatuingia mu kinywa. Upande ule nilisikia mutu mwingine anapiga vilevile, na jembe, na matusi.

"Domitille, toka nyuma ya ukuta! Itakuangukia!"

"Nitoke wapi? Maji iko hapa mu kiuno! Ni wewe uliniletea!"

"Wewe ndiye ulianza! Wewe uliita mupimaji!"

"Miye? Raphaël wako aliniambia ni wewe! Alikuya kwangu mbele ya mvua zote, akasema, Domitille, Maman Joviale anataka kuuzisha passage, mupimaji amepita ku bureau yangu, atakuya, umushikilie kamba uone vile anapima! Nilishika kamba juu ya kukuchunga wewe!"

"Uongo!"

"Piga! Piga kwanza, utaniita mwongo kisha!"

Nikapiga. Ukuta ikapasuka chini, ikafungua kinywa. Maji ilitoka na briques, na bidon, na viatu, na kuku moja ya watu, imekufa. Tuyau ilikuwa imezibwa na sachets na zile karatasi za kampanye. Maji ilipita juu ya makala yangu yote na magunia mawili ya maharagi, ikavunja portail ya manjanja kama ni karatasi, ikatokea barabarani.

Tuliingia kwa Domitille. Nyakuru alikuwa juu ya meza, amekaa, miguu ndani ya maji, rozari ku shingo. Aliniangalia akasema: "Mwali wangu, ni mvua ya aina gani hii?" Nilimubeba ku mugongo mpaka kwetu. Ni mwepesi kama gunia tupu. Nilimuvalisha nguo zangu, nikamulalisha ku kitanda yangu. Domitille alikaa kando yake. Alikuwa anatetemeka. Nilimupa chai, akaiweka chini bila kunywa.

Ukuta ya katikati bado inasimama. Inatoa jasho.

Vendredi, 24

Nyakuru wamemupeleka kutibiwa ku centre de santé. Kifua.

Sikuamini maneno ya Domitille. Usiku wote nilisema, mutu mwenye maji mu kiuno anasema kila kitu. Raphaël? Mwenye biscuit, mwenye maombi ku kaburi?

Alifika mbele ya saa sita ya midi, na viatu yake ya bureau ndani ya matope. Hakuuliza watoto wako wapi. Hakuuliza kama tumepona. Alienda moja kwa moja nyuma, akaona.

"Nani alikuruhusu kubomoa?"

"Maji, shemeji. Nyakuru alikuwa anakufa."

"Nyakuru, Nyakuru! Ule mutu anakuya kesho kuangalia! Nitamuonesha nini? Parcelle bila passage? Camion ya mizigo itapita wapi kuingia?"

Akafunga kinywa. Alisikia mwenyewe.

Mvua ilikuwa imekata. Nilikuwa na brique mukononi, nilikuwa napanga zile nzima pembeni.

"Camion gani, Raphaël?"

Tangu niolewe sijamuita jina bila shemeji. Aliangalia chini, kisha akavaa tena ule uso wake wa dimanche.

"Maman ya watoto wetu, sikia. Ni dépôt ya kuweka bidhaa. Mutu wa biashara, mutu muzuri. Alitaka kununua fasi hii ya kona, na kuingia nyuma. Ni faida ya watoto. Kule Miti mungejengewa."

"Na Domitille? Kwake pia ulienda na maneno?"

"Domitille ni mutu wa maneno mengi."

"Ulienda?"

Akaanza kueleza juu ya maendeleo, juu ya soko, juu ya vile cité hii imezeeka, nyumba ya Wabeleji haina kesho. Anazungumuza muzuri. Nilimuacha amalize. Kisha nikamwambia: "Uende uambie ule mutu maji imepita hapa na itaendelea kupita." Nikaendelea kupanga briques.

Akiwa ameondoka ndipo nilikaa ndani ya matope. Na ni mutu mwenye nililia mbele yake.

Samedi, 25

Ule mutu wa dépôt hakuja. Ao alikuja, akaona barabarani, akarudi.

Dimanche, 3 ya mwezi wa kumi na mbili

Muzee Anaclet, chef wetu wa avenue, alikutanisha rangée nyuma ya misa, wote wamesimama mu passage. Nilisema vile ilikuwa. Sikuficha, hata ile ya kukoroga sombe. Mama moja akapiga ulimi. Wameamua niondoe briques zote na nichimbe mufereji toka kwangu mpaka juu, fasi yenye imejaa. Ni haki. Ule wa kibanda ya kuku alikuwa anaongea kuliko wote. Muzee Anaclet akamuuliza: "Na kuku wako, Papa, wanakaa wapi?" Akarudi nyuma ya wengine.

Raphaël amepigia watu wa familia, amesema mimi nimechanganyikiwa na ujane. Shangazi ya Bruno amenitumia ujumbe wa kunionya. Hajaisha, huyu. Mutu mwenye alipima mara moja atarudi kupima.

Mardi, 5

Nachimba. Domitille anapita na ndoo, anaangalia migomba.

Jeudi, 7

Nachimba. Joviale ananisaidia nyuma ya shule. Watu wananyamaza nikifika kwenye borne-fontaine, fasi ya kuchota maji. Sasa ni mimi wanachunga. Naelewa vile inauma.

Mercredi, 13

Nyakuru amerudi. Amekonda lakini anataka sambaza. Nilimutumia kwa mukono wa Elysée. Sahani imerudi imeoshwa. Neno hakuna.

Samedi, 16

Élodie amekuja. Nilimuruhusu ndani, lakini nilikaa kando yake, nikiangalia kila kitu anachora. Alipima vyumba, akagusa ukuta fasi yenye imebaki alama ya maji. Alinionesha mu karatasi: nyumba yetu na ya Domitille, ni kama mapacha ndani ya tumbo, na passage nyuma yao, mufereji umechorwa na bleu. Nikamuuliza kama kuna jina ya mwenye nyumba mu karatasi yake. Akasema hapana, maman, ni numéro tu. Nikamuuliza mara mbili. Akacheka: "Maman, hauniamini hata leo?" Nikamwambia nakuamini, mwanangu, lakini niache niulize.

Lundi, 25

Noël. Bugali, kuku moja, watoto wamevaa nguo safi. Bruno, ungekuwa hapa.

Lundi, 1 ya mwezi wa kwanza

Raphaël alikuja kututakia mwaka mupya. Kumufukuza ndugu ya marehemu siku ya bonne année haiwezekane, kila mutu anajua. Alikuwa na soda ya watoto na ule uso wa dimanche. Aliinama kuingia mu mulango kama anavyofanya siku zote.

"Hapana, shemeji. Huku."

Nilimuwekea kiti nyuma, katikati ya passage. Mufereji ulikuwa unapitisha maji safi pembeni ya miguu yake. Watu walikuwa wanapita, mama wa avenue ya juu na muzigo ku mugongo, watoto na pétards zenye kulia pá pá, kila moja anasema bonne année, na kila moja anamuona.

"Hautaniingiza mu nyumba ya kaka yangu?"

"Ni ya watoto wa kaka yako. Wao ndiyo wananiambia nikupokee hapa."

Alicheka kidogo. Akasogeza kiti karibu, akapunguza sauti. "Sasa shemeji, kuna maneno tunapaswa kuzungumuza, mimi na wewe, mu siri ya familia..."

Kadenasi ya mulango ya nyuma ya Domitille ikalia. Alitoka na kiti yake ndogo ya kupikia. Hakunisalimia. Hakuniangalia hata. Aliweka kiti chini, kati yetu na ukuta yake, karibu kabisa, magoti yake karibu iguse ya Raphaël. Akakaa. Akachukua sombe yake akaanza kuikata pole pole ndani ya sahani.

"Bonne année, Papa Raphaël," alisema. "Endelea. Niko nasikia."

Raphaël aliangalia yeye, akaniangalia mimi, akaangalia mawingu juu ya mulima. Kisha akaanza kuzungumuza mambo ya mvua, vile imekuwa nyingi mwaka huu. Tulimuacha azungumuze.